Sura ya Saba: Dereva Haogopi Faini, Anaogopa Kukamatwa

Kati ya Desemba 2024 na Aprili 2025, ndani ya miezi mitano, nchi nne zilikaza sheria zao za barabarani. Italia ilitangulia Desemba 14: dereva anayeshika simu huku akiendesha, ambaye zamani faini yake ilianzia euro 165, sasa anatozwa kuanzia 250 hadi 1,000, na leseni yake inazuiwa kwa muda hata likiwa ni kosa la kwanza. Vietnam ikafuata Januari 1 kwa amri ya serikali namba 168. Faini ya gari kupita taa nyekundu, iliyokuwa dong milioni 4 hadi 6, ikarushwa hadi milioni 18 au 20, katika nchi ambayo wastani wa kipato cha mfanyakazi ulikuwa kasoro kidogo ya milioni 8 kwa mwezi. Machi 29 ikawa zamu ya Falme za Kiarabu, ambako sasa hata mtembea kwa miguu anayekatiza barabara kuu pasipo na kivuko anaweza kujikuta gerezani. Aprili 22 Kuwait ikahitimisha msururu huo kwa sheria iliyopandisha faini ya kushika simu kutoka dinari 5 hadi 75, ya kutofunga mkanda kutoka 10 hadi 30, na ya kupita taa nyekundu kutoka 50 hadi 150.

Habari hizi zinatuhusu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaendesha magari ya watu, malori na pikipiki za kupeleka chakula katika nchi za Ghuba, na huko faini moja inaweza kumeza mshahara ambao familia nyumbani inausubiri. Tangu Agosti 2023 mgeni hatoki Kuwait kabla hajalipa faini zake za barabarani, na Qatar iliweka sharti kama hilo Septemba 2024. Lakini ipo sababu kubwa zaidi ya kuzitazama nchi hizo. Kila basi linapopinduka kwetu na kuua abiria, husikika hoja ileile bungeni, redioni na vijiweni: wenzetu wa nje wana nidhamu barabarani kwa sababu faini zao ni kali, basi nasi tupandishe. Hoja hiyo imeona nusu ya jambo, tena ile nusu nyepesi. Dereva wa Lyon au wa Stockholm anapunguza mwendo kwa sababu ana hakika kwamba akizidisha ataonekana, atafikiwa, na hana mtu wa kumpigia simu amfutie kosa. Ukubwa wa faini una kazi yake, ila ni kazi ndogo, na ukiongezwa peke yake unaweza kuharibu kuliko kutengeneza.

Wazo hilo si jipya. Cesare Beccaria, mwanasheria wa Milano, aliliweka kitabuni mwaka 1764 alipodai kwamba adhabu ndogo isiyokwepeka huwazuia watu kuliko adhabu ya kutisha ambayo kila mmoja ana matumaini ya kuiponyoka. Uingereza ililipima wazo hilo miaka mia mbili baadaye pasipo kukusudia. Oktoba 1967, chini ya Waziri wa Uchukuzi Barbara Castle, ilianza kutumika sheria iliyoweka kikomo cha pombe kwa dereva, miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu, na kuwapa polisi kifaa cha kupuliza. Magazeti na televisheni viliipigia sheria hiyo kelele kubwa, na wanywaji wakaamini kwamba kila kona kutakuwa na askari mwenye kipimo. Mwanasosholojia wa Marekani H. Laurence Ross alipochambua takwimu baadaye, alikuta kwamba usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nne hadi saa kumi alfajiri, waliokufa na kujeruhiwa vibaya walikuwa wamepungua kwa takriban thuluthi mbili. Kisha, taratibu, idadi ikaanza kupanda tena. Hakuna aliyeilegeza sheria wala kupunguza adhabu. Madereva walikuwa wamegundua tu kwamba wale askari waliowaogopa hawapo.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshakumbuka jambo. Februari 2004 Waziri John Michuki alilazimisha matatu zifunge vidhibiti mwendo na mikanda, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ilishangaa jinsi barabara zilivyotulia. Baadaye mikanda ikaning'inia bila kazi, vidhibiti vikachezewa, mwendo ukarudi. Mwaka 2012 Bunge la Kenya likapandisha adhabu za barabarani mara nyingi zaidi ya zile za awali, na vifo vikaendelea. Nia ya waziri yule ilikuwa njema, tena aliisimamia kwa ushupavu wa kupigiwa mfano. Kilichokosekana ni chombo cha kuendelea kukagua siku ambayo waziri hayupo barabarani na kamera za televisheni zimeondoka. Italia nayo imetoa ushahidi wa aina hiyo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Baada ya sheria mpya ya Desemba 2024, wenye migahawa walilalamika kwamba wateja wameacha kuagiza mvinyo, ilhali kikomo cha pombe, gramu 0.5 kwa lita ya damu, hakikuguswa hata kidogo. Watu walibadilika kwa uvumi wa kukamatwa. Uvumi, hata hivyo, una siku zake.

Upo mfano wa New York ambao naona unafaa kusomwa na kila mtunga sheria, kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huenda pamoja. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa, kwa kinga yao, hawakuweza kulazimishwa kulipa faini za maegesho. Kati ya Novemba 1997 na mwisho wa 2002 walilimbikiza makosa zaidi ya 150,000 yasiyolipiwa, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walipoyagawa makosa hayo kwa nchi, walikuta wanadiplomasia wa Norwe, Uswidi na Burkina Faso hawakuwa na deni hata moja, huku wale wa Kuwait wakiongoza kwa makosa zaidi ya 240 kwa kila mtu. Hapa ndipo wasemao kwamba nidhamu ni suala la utamaduni hupata nguvu, na wana haki kwa kiasi chao: mtu husafiri na desturi za kwao. Lakini tazama kilichofuata. Mwishoni mwa 2002 jiji lilipata uwezo wa kung'oa namba za ubalozi kwenye gari lenye makosa matatu yasiyolipiwa. Makosa yasiyolipiwa yakaanguka kwa asilimia 98 hivi. Wanadiplomasia walikuwa walewale, na utamaduni wao haukubadilika katika mwezi mmoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa lipo la kumpata mkosaji, nalo lilikuwa na hakika.

Ufaransa ndiyo shule kubwa kuliko zote katika jambo hili, maana ilitoka mbali. Mpaka mwanzoni mwa karne hii, Mfaransa aliyeandikiwa faini alikuwa na njia mbili za kuiponyoka, zote zinazojulikana na kila mtu. Ya kwanza ilikuwa kumtafuta diwani, askari au mkubwa fulani anayefahamiana naye ili karatasi ipotee. Ya pili ilikuwa kusubiri uchaguzi, kwa kuwa kila rais mpya alikuwa na desturi ya kusamehe makosa madogo ya barabarani, hivyo miezi ya kabla ya uchaguzi watu waliacha kulipa na wakaendesha kama walivyotaka. Mwaka 2002 zaidi ya watu 7,000 walikufa barabarani. Julai mwaka huo Rais Jacques Chirac alitangaza usalama barabarani kuwa miongoni mwa kazi kuu za muhula wake, na Oktoba 27, 2003 kamera ya kwanza ya kujiendesha yenyewe ikazinduliwa kando ya barabara huko La Ville-du-Bois, kusini mwa Paris. Kufikia 2010 waliokufa walikuwa wamepungua hadi chini ya 4,000, na Nicolas Sarkozy alipoingia Ikulu mwaka 2007 alikataa kutoa ule msamaha wa desturi.

Fuata kosa moja uone safari yake ilivyo. Gari linapita mbele ya kamera likiwa na kilomita 25 za ziada. Kamera inalipiga picha. Picha inatumwa kwenye kituo kimoja cha taifa kilichoko Rennes, ambako kompyuta inasoma namba na kumtafuta mwenye gari kwenye daftari la usajili. Siku chache baadaye barua inafika nyumbani kwake. Akilipa ndani ya siku 15 anatoa euro 90, akichelewa ni 135, akipuuza zinapanda hadi 375, na pointi za leseni zinakatwa. Katika safari yote hiyo hakuna kioo cha gari kinachoshushwa, hakuna anayesema "mkubwa, tusaidiane", wala askari haulizi dereva anafanya kazi wapi. Na hiyo euro 135, kwa nchi kama Ufaransa, haizidi sana sehemu moja ya kumi ya mshahara halisi wa kima cha chini kwa mwezi. Haimfilisi mtu. Inamkera kwa sababu inakuja kila mara.

Haki inadai niseme kwamba kamera hazikufanya kazi peke yake. Sheria ya Juni 2003 iliongeza pia adhabu za ulevi na za kuua kwa uzembe, na vifo vilianza kushuka tangu mwisho wa 2002, kabla hata kamera ya kwanza haijasimikwa. Lakini hilo linaitia nguvu hoja yangu. Tangazo la rais lilifanya kazi ileile iliyofanywa na kelele za magazeti ya Uingereza mwaka 1967. Tofauti ni kwamba Mfaransa alipoanza kujaribu kurudia tabia zake alikutana na barua kutoka Rennes, wakati Mwingereza alikutana na barabara tupu. Ahadi ilitolewa, kisha ikatimizwa.

Sasa tuje kwenye faini kubwa zenyewe. Mtafiti wa Norwe Rune Elvik, aliyekusanya na kupima pamoja tafiti nyingi za aina hii, aliona kwamba nyongeza ndogo za faini hazileti tofauti inayoonekana, nyongeza za kati ya asilimia 50 na 100 hupunguza makosa kwa kama asilimia 15, na zikizidi maradufu faida yenyewe inatoweka. Matokeo hayo ya mwisho yanashangaza mpaka ukumbuke kwamba faini huandikwa na binadamu na kuamuliwa na binadamu. Askari anayejua kwamba karatasi yake itamnyang'anya mwenye bodaboda mapato ya mwezi mzima atasita, na hakimu naye atatafuta mwanya. Serikali zenyewe husita. India ilipopandisha faini Septemba 2019, ya kuendesha umelewa kutoka rupia 2,000 hadi 10,000 na ya kutokuwa na leseni kutoka 500 hadi 5,000, jimbo la Gujarat lilipunguza viwango vingi ndani ya siku chache, na Bengal Magharibi likakataa kabisa kuvitumia. Sheria kali isiyotekelezwa inamfundisha raia kwamba maneno ya dola hayana maana, na somo hilo halibaki barabarani.

Palipo na rushwa, hali ni mbaya zaidi. Hongo hupangwa kwa kuitazama faini. Faini ikiwa shilingi 30,000, dereva na askari wataelewana kwa 5,000 au 10,000. Faini ikipandishwa hadi 300,000, mazungumzo yataanzia mbali zaidi na kila upande utakuwa na sababu nzito ya kuyamaliza kando ya barabara. Anayepandisha faini bila kubadilisha namna ya kukamata amemwongezea mla rushwa kipato. Hazina haipati, na abiria hapati usalama. Ndiyo maana sehemu muhimu kuliko zote ya mfumo wa Ufaransa ni ile isiyopendeza kuiandika magazetini: kumwondoa mtu mmoja asikutane ana kwa ana na mwingine.

Atajitokeza mwenye kuuliza: mbona Norwe ina faini kubwa ajabu na barabara zake ni salama? Ni kweli, dereva wa Norwe hutozwa maelfu mengi ya kroner kwa mwendo ambao kwingine ungeonekana wa kawaida. Lakini jirani yake wa mpaka mmoja ni Uswidi, ambako faini za mwendo ni ndogo mno kulinganisha. Kama faini ndiyo ingekuwa siri, Waswidi wangekuwa wanakufa kwa wingi kuliko Wanorwe. Hawafi. Nchi zote mbili huwa na vifo karibu 20 kwa mwaka katika kila watu milioni moja, miongoni mwa viwango vya chini kabisa duniani. Zinafanana katika ukaguzi wa mara kwa mara, mikanda, leseni ngumu kupatikana, magari mazima na barabara zilizojengwa zikimfikiria binadamu kuwa ni mtu wa kukosea. Zinatofautiana kwenye bei ya kosa, na tofauti hiyo haionekani makaburini.

Pingamizi la Vietnam lina uzito zaidi. Januari 2025 magari na pikipiki za Hanoi na Ho Chi Minh zilisimama nyuma ya mstari kwa utii ambao haukuzoeleka, na foleni zikarefuka kwa sababu hakuna aliyethubutu tena kupandisha pikipiki juu ya njia ya waenda kwa miguu. Je, hiyo si faini kubwa iliyofanya kazi? Kwa wiki zile, ndiyo, nami sioni sababu ya kulikana. Lakini angalia kilichokuwa nyuma yake. Vietnam ilikuwa tayari imewazoesha madereva kuona sheria ikitekelezwa: tangu Januari 2020, chini ya amri namba 100, polisi waliweka vituo vya kupima pombe usiku baada ya usiku, na dereva akajifunza kwamba ile ya kutokunywa kabisa si maneno. Amri ya 168 ilipokuja ilikuta watu wanaoamini kwamba watakamatwa. Tena ilionesha madhara ya bei kubwa kupita kiasi, kwani jijini Ho Chi Minh ilibidi wakuu waharakishe kuweka mishale na vibao vya kuruhusu pikipiki kukata kulia, maana taa na alama zilizokuwepo hazikustahili kumtoza mtu faini kubwa namna ile. Kabla ya kumtoza mtu kiasi hicho, serikali ina wajibu wa kuhakikisha taa yake inawaka.

Oman, ambako Kiswahili kina wenyewe, inaonesha kwa utulivu zaidi kwamba vifo vinaweza kupungua hata kabla adhabu hazijapandishwa. Mwaka 2012 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika barabara zake. Kufikia 2016 walikuwa chini ya 700. Marekebisho makubwa ya kupandisha adhabu yalikuja mwaka huo wa 2016, wakati sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa imeshapita.

Kuna pingamizi jingine linalonigusa, la maskini. Faini ya kiwango kimoja inamchapa mwenye nacho kwa unyoya na asiye nacho kwa rungu. Ufini ililiona hili tangu 1921 ilipoanzisha faini zinazohesabiwa kwa siku za kipato. Dereva anayezidisha mwendo kwa zaidi ya kilomita 20 hupimwa kosa lake kwa idadi ya siku, na thamani ya siku hupatikana kwenye mapato yake. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alikamatwa akienda kilomita 82 palipotakiwa 50, akatozwa euro 121,000. Wengi hucheka wakisikia, lakini naona haki ndani yake. Nchi ambayo haina rekodi za kuaminika za mapato haiwezi kuiga utaratibu huo kesho, ila inaweza kuiga pointi. Uingereza ilipokaza sheria ya simu mwaka 2017 ilipandisha faini kutoka pauni 100 hadi 200, na pointi kutoka 3 hadi 6, na atakayefikisha 12 ndani ya miaka mitatu huwa hatarini kufungiwa leseni. Pesa tajiri anazo nyingi. Pointi anazo sawa na dereva wa teksi.

Lipo pia lalamiko kwamba kamera ni mitego ya kukamulia wananchi, na hili nisingependa litupwe kwa dharau, kwa sababu kuna mahali lilithibitika. Wizara ya Sheria ya Marekani iliuchunguza mji wa Ferguson, Missouri, na ripoti yake ya Machi 2015 ilionesha kwamba viongozi waliwasukuma polisi na mahakama kuzalisha mapato. Kwenye bajeti ya mwaka wa fedha 2015 mji ulitegemea faini na ada ziingize dola milioni 3.09 kati ya milioni 13.26, na mzigo ulielemea wakazi weusi. Chicago mwaka 2014 ilitoza watu faini 77,000 za taa nyekundu, dola milioni 7.7, baada ya kuanza kuhesabu kosa hata kwenye makutano ambako taa ya njano ilidumu sekunde 2.9 badala ya 3. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Afisa wa jiji aliyesimamia mpango wa kamera hizo alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 10 kwa kula hongo ya kampuni iliyozileta. Wananchi wakishaona hayo, kamera hupoteza heshima. Ufaransa, pamoja na mafanikio yake, iliyaona hayo mwishoni mwa 2018: baada ya mwendo wa barabara za vijijini kupunguzwa kutoka kilomita 90 hadi 80 na bei ya mafuta kupanda, waandamanaji wa vizibao vya njano waliziandama kamera, na kufikia Januari 2019 Waziri wa Mambo ya Ndani alisema karibu asilimia 60 zilikuwa zimeharibiwa au kushambuliwa.

Jibu la lalamiko hilo si kuziondoa kamera. Ni kuzitenga na tamaa. Kamera iwekwe mahali watu wanapofia, ikiwa na kibao kinachoitangaza kabla dereva hajaifikia, kwa maana kusudi lake ni apunguze, si anaswe. Takwimu za makosa na za ajali za kila kamera zitolewe hadharani. Fedha zisimfaidi askari, halmashauri wala kampuni iliyouza mitambo kwa hesabu ya idadi ya makosa. Kamera nzuri kuliko zote ni ile ambayo mwaka wa tatu haiingizi kitu, na serikali inayoilalamikia kamera ya namna hiyo kwa kukosa mapato imeshaeleza nia yake.

Wahandisi watasema, na wako sahihi, kwamba barabara yenyewe hufundisha zaidi ya askari. Bunge la Uswidi lilipopitisha mwaka 1997 shabaha ya kutokuwa na kifo hata kimoja barabarani, lilihamishia sehemu kubwa ya lawama kwa wanaojenga na kusimamia barabara. Helsinki, ambako mitaa mingi ina mwendo wa kilomita 30, ilimaliza mwaka mzima hadi Julai 2025 bila kifo cha ajali ya barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia moja inayoongezeka kwenye wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne. Kwa hiyo tuta, kivuko kilichoinuliwa na njia ya waenda kwa miguu ni sheria zisizolala. Lakini hakuna nchi iliyojenga matuta peke yake ikaacha kukamata walevi, na barabara za kwetu zitachukua miongo kutengenezwa upya. Wanaovuka leo wanahitaji kinga ya leo.

Shirika hilohilo limehesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021, na kati ya umri wa miaka 5 na 29 hakuna kinachoua kuliko barabara. Afrika ina magari machache kuliko mabara mengine makubwa na bado watu wake hufa kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo sisi tuna haraka kuliko Italia na Kuwait, na mtu mwenye haraka hushawishika na njia ya mkato. Kupandisha faini ni kazi ya alasiri moja bungeni. Kusafisha daftari la usajili wa magari mpaka kila namba imwelekeze mwenye gari wa kweli ni kazi ya miaka: magari yaliyouzwa mara tatu bila kubadilishwa jina, namba bandia, anuani zisizokuwepo, pikipiki zisizosajiliwa kabisa. Bila daftari hilo kamera ya bei yoyote inapiga picha za bure. Na bila ukaguzi wa askari wenyewe, tochi ya kupimia mwendo inabaki chombo cha kufungulia mazungumzo.

Safari ijayo muswada wa kupandisha faini utakapofikishwa bungeni, mwandikie mbunge wako umuulize mambo matatu kabla hajanyoosha mkono. Kati ya madereva 100 waliopita taa nyekundu jana, ni wangapi walipatikana? Kati ya waliopatikana, ni wangapi kosa lao lilifika kwenye daftari badala ya kuishia dirishani? Na ni nani anayeruhusiwa kulifuta baada ya kuandikwa? Akikosa majibu, mwombe aupigie muswada huo kura ya hapana, na fedha zilizotengwa kuutangaza zipelekwe kwenye usajili wa magari.